KILOMITA 4,000 HADI ENTEBBE

Mtu akiweka rula juu ya ramani, ncha moja ikawa Entebbe na ya pili ikawa Tel Aviv, atapata zaidi ya kilomita 3,500. Kati ya miji hiyo ziko Sudan na Misri, liko jangwa, na iko Bahari ya Shamu ambayo sehemu kubwa ya kingo zake ilikuwa mikononi mwa nchi zisizopatana na Israel. Mwaka 1976 Idi Amin alikuwa ametimiza miaka mitano tangu apindue serikali ya Uganda. Matendo yake ya juma moja la mwezi wa Juni na Julai mwaka huo yanaonyesha jinsi alivyokuwa ameuweka umbali huo mahali pa ulinzi. Aliuona kama ukuta usiohitaji askari wa kuulinda.

Jumapili tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitua Athens kuchukua abiria. Mara baada ya kuruka tena ilitekwa na watu wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ilikuwa na watu zaidi ya 240. Wateka nyara waliielekeza kwanza Benghazi, Libya, ikajazwa mafuta, kisha ikaanza safari ndefu ya kusini. Kutoka Benghazi hadi Entebbe ni karibu kilomita 3,800, yaani ndege ya abiria hukaa angani saa nne au zaidi. Tarehe 28 Juni ilitua Entebbe, na pale wateka nyara walipokelewa na wenzao waliokwisha kuwapo, wakapewa jengo la zamani la uwanja, na askari wa Uganda wakawekwa kulizunguka.

Hapo pana jambo la kusimama na kulitazama. Serikali yo yote inayojikuta ndege iliyotekwa imetua katika uwanja wake ina kazi moja ya kwanza, nayo ni kuokoa maisha ya abiria. Walinzi huwekwa ili kuwazuia wateka nyara. Entebbe walinzi wa dola walisimama nje, na wateka nyara wakasimama ndani, na wote wawili bunduki zao zikawa zinawazuia abiria wale wale. Askari wa kawaida wa Uganda aliyepangwa zamu pale hakuulizwa maoni yake. Aliagizwa tu, na baada ya siku chache wengi wa aina yake wakalipa kwa maisha yao.

Wateka nyara walidai wafungwa 53 waachiliwe huru. Wengi walikuwa Israel, lakini watano walidaiwa kutoka Kenya. Kenya iliingia katika orodha kwa sababu mwezi Januari mwaka huo huo watu kadhaa walikamatwa Nairobi wakiwa na makombora ya kubebwa begani, wakikusudia kuitungua ndege ya Israel iliyokuwa inatua. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jambo la Entebbe lilikuwa pia jambo la Kenya, ingawa magazeti mengi ya Ulaya hayakulipa uzito huo.

Muda wa mwisho uliotolewa ulikuwa tarehe 1 Julai. Ukaahirishwa hadi mchana wa tarehe 4. Sababu ya kuahirishwa ilikuwa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliokuwa ukifanyika Mauritius, ambako Amin alipaswa kukabidhi uenyekiti alioupata Kampala mwaka 1975, katika mkutano ambao Tanzania haikuhudhuria. Akapanda ndege na kwenda zake. Kutoka Entebbe hadi Mauritius ni kama kilomita 3,500, karibu sawa kabisa na ile safari ya Tel Aviv. Mtu aliyeamini kwamba hakuna awezaye kumfikia kutoka umbali huo alikuwa yeye mwenyewe anausafiri kwenda na kurudi ili ahutubie mkutano. Alirudi Uganda kabla ya usiku wa tarehe 3.

Siku hizo tatu za nyongeza ndizo zilizoamua mambo. Kabla yake Israel haikuwa na mpango wo wote wa kijeshi uliokamilika. Ilikuwa inazungumza kwa simu, na hata ilikuwa imekubali kujadiliana juu ya wafungwa.

Zaidi ya hayo, tarehe 30 Juni na 1 Julai wateka nyara waliwaachilia kiasi cha abiria 148, ambao si raia wa Israel, wakapelekwa Paris. Rubani mkuu, Michel Bacos, na wafanyakazi wake wote walikataa kuwaacha abiria waliobakia, wakakaa nao. Waliobaki wakawa 106. Wale walioachiliwa walifika Paris, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Entebbe, na huko wakaulizwa maswali kwa makini. Wateka nyara wako wangapi? Wana silaha gani? Milango inafungukia wapi? Mateka wamelala upande gani? Majibu yakafika Tel Aviv kwa simu. Habari hazikupita njia ya mkato. Zilizunguka kupitia Ulaya, na bado zilifika upesi kuliko alivyofikiri mtu aliyezitoa bila kukusudia.

Na habari nyingine Waisraeli walikuwa nazo tangu zamani. Hadi mwaka 1972, Amin alipowafukuza na kuelekea upande wa Libya, wakufunzi wao ndio waliokuwa wakifundisha jeshi la Uganda, la nchi kavu na la anga. Kampuni ya ujenzi ya Israel ilikuwa imefanya kazi katika uwanja wa Entebbe, na michoro ilikuwa katika makabati yake. Miongoni mwa maofisa waliopanga shambulio wamo waliowahi kuishi Uganda na kuwafundisha askari wake. Walijua jinsi mlinzi wa Uganda anavyosimama zamuni na jinsi anavyopiga saluti gari la mkubwa linapopita. Nchi inayomkabidhi mgeni kazi ya kulifundisha jeshi lake inampa pia ufunguo wa nyumba. Mgeni anaweza kufukuzwa kwa saa 72, lakini alichokiona anaondoka nacho.

Lililobaki lilikuwa hesabu ya mafuta, na hesabu hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Ndege zilizofaa kubeba askari na magari zilikuwa za aina ya Hercules, zenye injini nne za mapanga. Mwendo wake ni kama kilomita 540 kwa saa. Zikibeba mzigo mkubwa, uwezo wake wa kwenda bila kujaza mafuta unakaribia kilomita 4,000. Mstari ulionyooka hadi Entebbe ungezipitisha juu ya nchi zenye rada na ndege za kivita, kwa hiyo zilipaswa kushuka na Bahari ya Shamu, kisha zipite Ethiopia na sehemu ya Kenya, na kuingia Uganda kwa upande wa Ziwa Victoria. Njia hiyo ilikuwa na kilomita 4,000 hivi, sawa na uwezo wote wa ndege. Maana yake ni kwamba Hercules zingeweza kufika Entebbe, lakini zisingeweza kurudi.

Hapa ndipo Amin, au mtu ye yote aliyepiga hesabu ile kwa niaba yake, alipokuwa sahihi kwa nusu. Umbali ulikuwa kizuizi kweli. Kilichosahauliwa ni kwamba umbali hupimwa kutoka mahali pa kujazia mafuta. Kutoka Entebbe hadi Nairobi ni kilomita 520 tu, mwendo wa saa moja. Kama uwanja wa Nairobi ungefunguliwa, Tel Aviv ingekuwa jirani wa Uganda.

Na Amin alikuwa amefanya nini kuhusu Nairobi? Mwezi Februari 1976, miezi minne tu kabla ya ndege kutekwa, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi yenyewe, kwa haki ni ardhi ya Uganda. Wakenya walikasirika, na wafanyakazi wa bandari wakakataa kuishughulikia mizigo yake, akalazimika kurudi nyuma. Mataifa hayo mawili yalikuwa bado pamoja na Tanzania katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, yakitumia shirika moja la ndege na idara moja ya usafiri wa anga. Lakini undugu ulikuwa umebaki katika vichwa vya barua. Mtawala aliyezungukwa na nchi jirani, tena asiye na bandari, alikuwa amemtukana jirani aliyeshika njia yake ya kwenda baharini, kisha akaweka matumaini yake katika jangwa lililoko mbali.

Katika kuishawishi Nairobi panatajwa jina la Bruce McKenzie, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwezi Mei 1978 ndege ndogo aliyopanda, akitoka kumwona Amin, ililipuka kwa bomu karibu na vilima vya Ngong. Serikali ya Kenya ilikana kushiriki katika shambulio la Entebbe. Lakini kuna jambo lisilokanika: ndege ya Israel iliyokuwa hospitali ilikwisha kutua Nairobi kabla ya risasi ya kwanza kulia Entebbe.

Alasiri ya Jumamosi tarehe 3 Julai ndege nne za Hercules ziliruka kutoka Sharm el-Sheikh, ncha ya kusini ya rasi ya Sinai, ambayo wakati huo ilikuwa bado imekaliwa na Israel. Ziliruka kabla baraza la mawaziri halijakata shauri. Safari ilikuwa ndefu kiasi kwamba mawaziri waliendelea kubishana huku askari wako angani, na amri ya kuendelea ikawafikia wakiwa njiani. Juu ya bahari walishuka chini sana, mahali pengine wakiwa mita 30 tu juu ya maji, ili rada zisiwaone. Askari walitapika kwa kurushwarushwa. Karibu na Ziwa Victoria walikuta dhoruba. Baada ya saa saba na zaidi, usiku wa manane, ndege ya kwanza ilitua Entebbe. Taa za uwanja zilikuwa zinawaka. Zilizimwa kabla ndege za mwisho hazijatua, lakini wakati huo ya kwanza ilikuwa imekwisha kufungua tumbo lake.

Kutoka ndani yake lilitoka gari jeusi la Mercedes, likifuatwa na Land Rover, ili walinzi wadhani kwamba ni Amin anarejea kutoka safarini. Inasimuliwa kwamba Amin alikuwa ameanza kutumia Mercedes nyeupe, na kwamba walinzi waliosimamisha msafara waliijua tofauti hiyo. Iwe hivyo au sivyo, walinzi wawili walilisimamisha gari kama walivyofundishwa, wakapigwa risasi. Dakika chache baadaye wateka nyara waliokuwa na mateka walikuwa wamekufa. Chini ya saa moja tangu kutua, ndege iliyobeba mateka ilikuwa imeondoka kwenda Nairobi. Ndege ya mwisho iliondoka baada ya kama saa moja u nusu. Ndege kadhaa za Uganda za aina ya MiG ziliteketezwa pale pale zilipoegeshwa, ili zisiwafuate.

Mateka 102 waliokolewa. Watatu walikufa. Kwa upande wa Israel aliuawa kamanda wa kikosi cha mbele, Luteni Kanali Yonatan Netanyahu. Idadi ya askari wa Uganda waliouawa hutofautiana, kutoka 20 hadi 45. Majina ya Waisraeli yameandikwa katika vitabu vingi na kuonyeshwa katika sinema. Majina ya askari wa Uganda ni vigumu kuyakuta po pote. Hawakuwa wamemteka mtu. Walikuwa wamewekwa nje ya jengo, wakatazama usiku kama walinzi wengine watazamavyo, na waliposhambuliwa wakarudisha risasi.

Katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mambo hayo yalijadiliwa mwezi huo huo wa Julai. Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza. Kila mtu alijua uhusiano wake na Amin ulivyokuwa, lakini pamoja na Benin na Libya ilileta azimio la kulaani kuvunjwa kwa mipaka ya Uganda. Azimio hilo halikupigiwa kura. Azimio la Uingereza na Marekani la kulaani utekaji nyara wa ndege lilipata kura sita tu, halikupita. Baraza likatawanyika bila uamuzi. Wapo waliosema Tanzania ilimtetea nduli. Haikumtetea. Nchi ndogo ikikubali kwamba ndege za kigeni zinaweza kutua usiku katika uwanja wa jirani kwa sababu jirani huyo ni mwovu, itakuwa imekubali pia kwamba mwenye ndege ndiye atakayeamua nani ni mwovu. Hoja hiyo ina nguvu hadi leo. Lakini lazima isemwe pia, na kwa sauti ile ile, kwamba aliyeufungua mlango wa Uganda ni Amin mwenyewe, siku alipowapokea wateka nyara kama wageni wake.

Hasira yake haikuweza kufika Tel Aviv. Ikawaangukia waliokuwa karibu. Wakenya walioishi Uganda kwa kazi na biashara waliuawa kwa mamia, na maelfu wakakimbia kuvuka mpaka. Kenya nayo ikabana mafuta ya petroli yaliyotoka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli, na Kampala magari yakaanza kusimama. Mwezi Agosti wajumbe wa pande mbili walitia sahihi mapatano Nairobi.

Alisubiri miaka miwili, kisha akapima umbali mwingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni kama kilomita 1,000 kwa ndege, na kwa barabara za wakati ule ilikuwa safari ya siku nyingi za vumbi na matope. Vikosi vikubwa vya Tanzania vilikuwa mbali na Kagera. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakapora na kuua hadi ukingo wa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa ili umbali uzidi kuwa mrefu. Safari hii hapakuwa na Hercules wala Mercedes. Majeshi ya Ulinzi ya Wananchi wa Tanzania yalisogezwa kwa treni, kwa malori ya serikali na ya watu binafsi, na kwa miguu. Mwezi Januari 1979 Mutukula ilitwaliwa. Tarehe 24 Februari ikatwaliwa Masaka.

Ndipo umbali wa anga ulipotumika tena, mara hii kwa ajili ya Amin. Kutoka Tripoli hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 4,000, na ndege za Libya zilianza kumiminia askari na silaha katika uwanja ule ule wa mwaka 1976. Libya, ambayo ilikaa upande mmoja na Tanzania katika Baraza la Usalama kuitetea mipaka ya Uganda, ilikuwa sasa inapigana na Tanzania ndani ya mipaka hiyo. Wengi wa askari hao waliletwa usiku katika nchi wasiyoijua, wakapelekwa Lukaya, kwenye barabara ipitayo katika vinamasi, na huko mwezi Machi wakapigwa. Waliikuta Uganda kwa saa chache za ndege. Waliowakabili walikuwa wameitembea kwa majuma, wakijua kila kilima walichopita.

Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na mwendo huo uliwachukua wapiganaji karibu miezi mitatu. Kutoka vilima vya Mpigi mizinga yao iliifikia Entebbe. Tarehe 7 Aprili 1979 uwanja ukatwaliwa, na Hercules ya Libya iliyojaribu kuruka ikapigwa kwa kombora la begani. Tarehe 11 Aprili ilitwaliwa Kampala.

Kulikuwa na mateka mmoja ambaye hesabu ya mwaka 1976 ilimwacha nyuma. Dora Bloch, mama wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amepelekwa hospitali ya Mulago siku moja kabla ya shambulio kwa sababu chakula kilimkwama kooni. Asubuhi ya tarehe 4 Julai, mateka wenzake wakiwa wamekwisha kuondoka Nairobi, alikuwa bado kitandani, na ofisa wa ubalozi wa Uingereza alimwona. Baada ya hapo hakuonekana tena. Serikali ya Amin ilisema alirudishwa uwanjani kabla ya shambulio, na mwishoni mwa mwezi huo Uingereza ikavunja uhusiano wake na Uganda. Mwaka 1979, Amin alipokuwa amekwisha kukimbia, mabaki ya mama huyo yalipatikana karibu na shamba la miwa mashariki ya Kampala, yakasafirishwa hadi Israel na kuzikwa Jerusalem.